Mshenga Aliyetetemeka Rhotia

Chekeni tu, mimi mwenyewe hucheka sasa, ila siku ile nilitamani ardhi ya Rhotia ipasuke inimeze na kaunda suti yangu (ya kuazima).

Nilikuwa kibarua wa kahawa kule Oldeani, na rafiki yangu Gabrieli akaniomba niwe mshenga wake kwa Mzee Tluway wa Rhotia, baba yake Paskalina, kwa sababu eti nina mdomo. Tatizo, nilikuwa na homa yenye ratiba: leo inanipiga, kesho na keshokutwa niko mzima, mtondo hiyo imerudi. Zahanati ya shamba walinipima wakasema damu safi, tena walishatangaza kwamba malaria tumeifukuza, basi nikaacha kulalamika, nikawa naikwepa tu. Posa ilipangwa Jumamosi, siku yangu ya uzima. Mzee akaagiza tusogeze hadi Jumapili baada ya kanisa, nami nikajibu, "Hakuna taabu!" (Mdomo huo.)

Jumapili, katikati ya kumsifia Gabrieli, baridi ikanipanda mgongoni, meno yakaanza kugongana, nikashika kikombe nijikaze, na chai yote ikaishia kwenye shati jeupe la Mzee.

"Mmeniletea mlevi?" akasimama. Gabrieli akafumba macho. Posa imekufa, na muuaji ni mimi.

Hapo Paskalina, aliyekuwa akisomea maabara, akatoka jikoni (msichana anayeposwa, mbele ya wageni!), akanishika paji la uso.

"Baba, huyu anaumwa. Kaka, homa hii huja kila baada ya muda gani?"

Nikamweleza. Hakucheka. Kesho yake, kwenye hospitali aliyokuwa akijifunzia, akanitoboa kidole, akainamia darubini mpaka wenzake wakaenda kula wakarudi. Ilikuwa malaria, lakini si ile waliyozoea kuitafuta. Hii vimelea vyake ni vichache, ukiangalia harakaharaka huvioni. Wala hakuishia kwangu, akamleta mwalimu wake kwenye kambi yetu ya vibarua wakatupima upya, na wenzetu tuliowaita wavivu kwa kukosa kazi wakakutwa nayo. Jamani, yule dada! Namvulia kofia mpaka leo.

Tulipokwisha kupona, Mzee akatuita tena. "Mlevi wenu naye aje," alisema, "ila chai atanyweshwa."

Gabrieli alioa. Ushenga sirudii, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Na mtu akinitangazia kuwa ugonjwa fulani umekwisha, namuuliza kwanza: Paskalina ameangalia?