Kinyozi Anayengojwa Mlimani

Watu hudhani kazi ya kinyozi ni mkasi na mashine. Kinyozi wa mtaa huu angekwambia kazi yake ni masikio. Kutwa nzima huyu kagombana na shemeji yake, yule mgongo unamsumbua, mwingine anajua kila kitu kuhusu mpira. Ikifika Jumapili, kichwa chake kimejaa maneno ya watu.

Ndiyo maana alipojiunga na kikundi cha waendesha baiskeli, alimwambia mkewe anakwenda kunyamaza.

"Unakwenda kunyamaza na kundi zima la watu?" mkewe akacheka.

Lakini ilikuwa kweli. Barabarani walijipanga wawili wawili, husikii ila cheni na upepo, na neno moja moja likipokezwa kutoka mbele hadi nyuma: "Shimo!" "Gari!" Kila mtu aliona kwa macho ya aliyemtangulia. Kinyozi aliupenda ukimya ule wa pamoja kuliko usingizi.

Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, ya zamani, aliyoachiwa na mjomba wake. Za wenzake unaziinua kwa kidole. Yake ilikuwa nzito, na kubadilisha gia lazima uachie usukani mkono mmoja. Hata hivyo ilitulia kwenye lami mbovu, haimrushirushi mtu. Kila alipoisugua na kuitia mafuta, mkewe alipita akisema, "Naona mke mwenza ameshaogeshwa. Mimi zamu yangu lini?"

Tatizo lilikuwa mlima. Wenzake waliinuka kwenye viti wakampotea. Alipofika juu, ulimi nje, aliwakuta wameketi kando ya barabara wakimtazama. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililomuuma. Akawa hashuki hata kupumua. Anaunga safari papo hapo, asije akaonekana mzigo.

Mwishowe akaacha kwenda. Nyumbani alisema ni goti. Mkewe alilitazama lile goti, akaguna, akaendelea na shughuli zake.

Siku moja daktari wa meno, mwanamke anayekiongoza kikundi, aliingia dukani akaketi kwenye kiti.

"Nipunguze kidogo tu. Goti linaendeleaje?"

"Nani kakwambia?"

"Wifi. Na kasema goti zima kabisa."

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni taratibu. "Nawachelewesha, dada. Mnaningoja kama mtoto."

Daktari alimtazama kwenye kioo. "Tangu uache kuja, pale juu hatusimami tena. Juzi yule mwenzetu mwalimu katapika. Kila mtu anataka kupumzika, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Wewe ulikuwa kisingizio chetu."

"Kumbe mimi kisingizio!"

"Tena kizuri. Kaka, rudi, utatuua."

Hakujua acheke au anune. Alianza kukata, akiwaza wale wateja wasio na wa kuzungumza naye nyumbani. Huwanyoa polepole makusudi ili wamalize hadithi zao, na hajawahi kuona kwamba wanampotezea muda. Hufurahi tu kuwa nao. Haikumpitia akilini kamwe kwamba mtu mwingine angeweza kumfanyia yeye vivyo hivyo.

Jumapili alirudi. Mlimani aliachwa nyuma kama kawaida. Safari hii hakupigana na mlima. Aliweka gia nyepesi, akatazama bonde lilivyokuwa likifunguka upande wa kushoto, na mabati ya nyumba yaking'aa kwa umande. Hakuwahi kuliona bonde lile.

Juu aliwakuta wamejilaza kwenye nyasi.

"Mbona umewahi hivyo?" mwalimu akalalamika, amefumba macho. "Ungekawia kidogo."

Kinyozi alishuka. Akailaza baiskeli, akaketi kati yao, akanyoosha miguu.

"Sasa mtaningoja na mimi nipumzike," akasema.

Hakuna aliyeinuka.