Sista Zaituni aliyejibu salamu kwa ukweli

Namba yake bado iko juu kabisa kwenye simu yangu, na akili inakataa. Ndugu zangu, siamini kwamba Sista Zaituni hayupo.

Kwa mnaonifuata kutoka mbali: Zaituni alikuwa muuguzi mkunga kwenye zahanati ya kijijini kwetu huku Kyela, ile niliyofanya kazi ya uafisa tabibu mpaka nikastaafu. Mkunga pekee. Alishuka kutoka Kondoa, kwao Warangi, na godoro na begi, akaniuliza kama mvua ya huku huwa inakatika. Nikamwambia inakatika, ila haisemi lini.

Mimi ndiye niliyemfundisha salamu. Kinyakyusa tunasema "Ugonile", na ukiifungua ni kama kuuliza "Umelala?" Lakini hakuna anayeuliza habari za usingizi wa mtu. Ni salamu tu, unaitikia, unapita.

Yeye aliijibu.

"Ugonile, Sista!" anaita mama muuza vitumbua pale getini.

"Sijalala, mama!"

"Hee! Mrangi wetu huyu na Kinyakyusa chake!" Na kicheko, na kitumbua kimoja cha bure.

Ukawa utani wa zahanati nzima. Kwenye kikao cha asubuhi mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akamwita "Sista Sijalala". Naye akacheka pamoja nao, kwa ile sauti yake nzito isiyofanana na mwili wake.

Lakini maana ya salamu aliijua vizuri. Alikuwa anajibu swali.

Usingizi ulimkimbia tangu masika yale mama mmoja alipomwagika damu mikononi mwake huku gari la wagonjwa limekwama kwenye matope. Mtoto alipona. Kesho yake Zaituni aliingia zamu kama kawaida, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuingia.

Niwaeleze jambo, maana wengi tunalichanganya. Kuna uchovu ambao ukilala unaisha. Kuna mwingine ambao wenyewe ndio unaofukuza usingizi. Siku ya off mwili unabaki kazini: simu ya jirani ikilia, unasimama. Mlango ukigongwa, moyo unakimbia. Huo si uvivu, si mapepo, wala si upungufu wa sala. Ni maradhi, na yanatibika, mradi mtu aachiwe muda wa kutibiwa.

Alijaribu mbinu zake, maskini. Alinunua sokoni chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa huku ziwani, akaitumbukiza simu humo na kukifunika, ili asiusikie mlio. Simu ilipolia, chungu kizima kikavuma kama kengele ya kanisa! Alinisimulia akicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, sasa hata majirani wanajua naitwa leba."

Aliomba likizo. Akajibiwa atafute kwanza wa kumshikia zamu. Atafute wapi? Kwenye mashamba ya mpunga?

Mimi mwenyewe nilimfuata mganga mfawidhi. Nikamwambia, "Daktari, huyu binti hatanii. Anaumwa." Akanishika bega kwa heshima zote: "Mzee wangu, Sista ni mchangamfu kuliko sisi wote. Angekuwa anaumwa angecheka vile?"

Kisha ikaja semina ya afya ya akili kazini, mjini. Chai, sambusa, kalamu za bure. Wakafundishwa kuvuta pumzi ndefu, kunywa maji, na kutobeba stress ya kazini kwenda nayo nyumbani. Nyumba ya Zaituni imegusana ukuta na wodi ya wazazi.

Akanyoosha mkono. "Mimi naomba mtu wa kupokea zamu."

"Tumelipokea hilo, Sista. Tutalifanyia kazi." Wakapiga makofi.

Alipita kwangu kunipa habari, akakaa kwenye kigoda karibu na kakao niliyoanika. "Wamelipokea, Mzee. Mimi ndiye sijapokelewa." Nilicheka kidogo. Yeye safari hii hakucheka.

Alhamisi alitoka leba moja kwa moja, akapanda bodaboda kwenda mjini kuchukua chanjo za zahanati. Dereva ni Baba Tumaini, mtu mzima, mwangalifu, anamjua tangu alipofika. Nimekaa naye. Maneno yake ni haya:

"Tata, mzee wangu, alilala. Nilisikia kichwa chake kimeniegemea mgongoni, nikapunguza mwendo. Nikasema moyoni, acha apumzike mtoto wa watu. Tulipofika penye mashimo, mgongo ukawa mwepesi."

Pikipiki ameiegesha, haigusi.

Kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kondoa, kiongozi mmoja alisimama akamsifu: mtumishi shupavu, asiyejua kuchoka.

Alichoka. Aliwaambia. Aliwaambia kila asubuhi, kwa kuijibu salamu yetu, kwenye kikao na kwenye semina. Hakuficha kitu. Mnaposema watu wenye shida hizi wajitokeze waongee, mkumbukeni huyu aliyeongea.

Ningependa kuwaandikia kwamba kuna kitu kimebadilika. Sijakiona. Jana ameletwa muuguzi mwingine kuziba nafasi. Mmoja. Binti mpole, anatoka Lindi, nimemsaidia kushusha mizigo. Ameniuliza wenzake wa zamu wako wapi. Nimetazama pembeni, nikamwonyesha kisima kilipo.

Zaituni, mwanangu, ndaga, asante, kwa watoto wote uliotupokelea. Sina neno kubwa la kukupa. Lala. Lala bila kuitwa, mpaka uchoke mwenyewe kulala.