Fahali wa Harusi na Mkate wa Kakuma

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, niliposimama kumpokea mjomba wangu Lokiru, na kiti kikasimama pamoja nami. Kilikuwa kiti cha plastiki chenye mikono, nacho kilikuwa kimenibana nyongani. Mjomba alikitazama, akanitazama mimi, kisha akaketi kwenye ekicholong, kile kigoda cha mti ambacho mzee wa Kiturkana haendi popote bila nacho.

Wakati huo nilikuwa kijana, nanunua mbuzi Kakuma na kuwauzia wachinjaji. Kwetu Kaaleng nilikulia maziwa na nyama, na mvua ikikosa tulikula subira. Kakuma nilikutana na mkate, tukapendana. Asubuhi mkate wa tanuri, ungali moto. Saa nne mandazi. Mchana chapati kwenye hoteli ya Msomali, na jioni mkate tena, wa kuchovya kwenye chai ya sukari tele. Mbuzi waliletwa nilipokaa, na chai ililetwa nilipokaa. Watu walinisifu, maana kwetu mtu mnene ni mtu mwenye mifugo. Nami nikavimba kichwa pia.

Mjomba alikuwa ametoka Lodwar kuniletea habari ya Nakiru, binti wa kijiji cha Nawoitorong, karibu na Lodwar, niliyempenda kuliko kitu chochote duniani.

"Ejok, Ekal," alinisalimu kwa jina langu. "Baba ya Nakiru amekubali. Harusi ni baada ya mvua," alisema. "Lakini ile ng'ombe, nani atachoma? Wewe ama hiyo kiti?"

Unajua desturi yetu. Bwana harusi humchoma fahali mkuki kwa mkono wake, mbele ya wakwe. Akishindwa, ataishi na kicheko hicho mpaka azikwe. Nilijaribu kucheka, lakini mjomba hakucheka.

"Mkate ya njaa ni baraka," aliniambia. "Yako ni mkate ya kukaa tu. Wacha."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na magoti yangu yalikuwa yameshaanza kulia. Nikaacha mkate, chapati, mandazi na sukari. Siku za mwanzo, loo! Kichwa kiliniuma, nikamkaripia kila mtu, hata mbuzi. Harufu ya lile tanuri ilinifuata mpaka kitandani. Lakini usidhani nilijiua kwa njaa. Nilikula samaki mkavu kutoka Lowarengak ziwani, maharage, kunde, maziwa na nyama, nikashiba. Na badala ya kungoja mbuzi waletwe, niliwafuata wafugaji kwa miguu kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga. Bandu bandu huisha gogo. Mkanda wangu niliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine, na jingine tena.

Hapo likazuka la pili. Mzee Ewoi, baba yake Nakiru, alisikia kwamba mkwe amekonda. Kwake maana yake ilikuwa moja kati ya mbili: mbuzi wameisha, au mtu anaumwa. Akaniita Lodwar, akaniwekea mbele yangu mkate mzima na birika la chai.

"Kula, nione," alisema.

Nikamwambia kwa heshima kwamba nimeacha mkate. Uso wake ukabadilika. Nani aliwahi kumwona mtu mzima wa afya, katika nchi hii ya ukame, akisukuma chakula? Akasema harusi ingoje kwanza. Moyo wangu ulianguka, mwanangu, sikufichi. Ndipo Nakiru, aliyekuwa akimimina chai, akaweka birika chini.

"Baba, mpe mkuki, si mkate. Kama ni mgonjwa, hiyo siku ya ng'ombe tutaona."

Mzee akausogeza mkate pembeni, akakubali.

Siku ikafika. Nyimbo zilipopanda, yule fahali alishtuka, akawaangusha vijana waliomshika na kukimbilia lagani. Watu walipiga kelele. Mimi sikupiga kelele, nilikimbia! Nilikimbia kwenye mchanga ule mzito, mkuki mkononi, na pumzi zilikuwepo. Nikamfikia, nikamchoma ubavuni mara moja tu, akalala. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, hata sasa nikikaa kimya navisikia.

"Huyu si mgonjwa!" Mzee Ewoi alipaza sauti. "Nani alisema huyu mtu ni mgonjwa?"

Ni yeye aliyesema, lakini nani angemkumbusha? Mjomba Lokiru aliagiza kiti cha plastiki, akaketi yeye, akanyoosha miguu na kucheka mpaka machozi.

Basi sikia, mwanangu unayepanda bodaboda kwenda dukani pale kona. Mkate si dhambi, na siku ya njaa usimcheke anayeula. Ila usiufanye kazi ya kutwa. Punguza unga mweupe na sukari, kula chakula chenye nguvu ushibe, kisha tembea. Kama una ugonjwa, uliza kwanza zahanati. Watakaosema umekonda waache waseme, wasubiri siku ya fahali.

Akuj, Mungu wetu, akupe mvua na maziwa. Akupe mwenzi wa kukusemea ukiwa umenyamaza, kama Nakiru wangu anavyonisemea hadi leo. Na fahali wako akikimbia, akukute una pumzi.