Shamba Nililopewa Mbele ya Askari

Babu yangu alipokufa aliacha wake wawili, wana wengi na shamba moja. Shamba lilikuwa nje kidogo ya Mangina, upande wa Mabalako. Lilianzia barabarani, likashuka mpaka kijito, likapanda tena hadi msitu ulipoanzia. Juu palikuwa na kahawa, katikati michikichi, na kila mahali palipobaki ndizi na mihogo.

Hakuna mwanawe aliyeishi pale, na wajane nao walihamia kwa wana wao. Baba mkubwa alikuwa na duka la nguo za vikwembe Butembo. Baba mdogo alikuwa katekista Beni. Wengine walitawanyika Oicha na Lubero. Baba yangu alikuwa ametangulia kufa, akatuacha mama na mimi, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika komini ya Ruwenzori, mtaa mmoja wa mji wa Beni.

Matanga yalipokwisha ukoo ulikutana Butembo, sebuleni kwa baba mkubwa, kumtafuta mtu wa kuangalia shamba. Kila mmoja alijitaja mwenyewe, na kila mmoja akakataliwa na wengine wote. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imekaribia kwisha baba mdogo alipopata wazo.

“Tumupatie binti ya ndugu yetu marehemu,” alisema. “Yeye ni mwanamuke, hana kipande ya shamba. Mutu hana kipande, ataiba ju ya nini?”

Wote walisifu hekima hiyo. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa naleta bugali. Ndivyo nilivyopata kazi ile, kwa sifa ya kutokuwa na haki yoyote.

Nilijifunza haraka kwamba shamba la ukoo lina misimu miwili. Wakati wa kuvuna kahawa lina wenyewe wengi kuliko miti. Wakati wa kupalilia lina mimi na mama. Baba mkubwa alituma mtu apande miti ya mipaka kuzunguka sehemu aliyoiona yake. Baba mdogo alipita baada ya misa akaing'oa. Kila mmoja alinijia Beni kunishitakia mwenzake, na kila mmoja aliniomba nisiseme kwamba alikuja.

Kisha ugonjwa uliingia katika kahawa. Miti ilianza kukauka kutoka juu, ikafa imesimama, shamba kwa shamba, nchi yetu nzima. Ndugu za baba na shangazi ambao hawakukosa mavuno hata moja wakapata shughuli nyingine. Nami nikapata utulivu ambao sikuwahi kuuona tangu matanga, ila ulikuwa utulivu wa miti iliyokufa.

Vita vya kwanza vilitupita, vikaelekea magharibi. Vya pili vilikuja vikakaa. Waasi waligawanyika, waliogawanyika wakagawanyika tena, na kila kundi lilipofika Mangina lilituambia limekuja kutukomboa kutoka kwa lile lililotangulia.

Katikati ya hayo baba mkubwa alisikia kwamba kuna watu wanatafuta mbao za msituni, na msitu wenyewe uligusa shamba letu. Mapenzi yake ya ardhi yakafufuka. Aliita ukoo wote uje shambani tugawane mara moja, na akamwita chefu wa kijiji awe shahidi. Walikuja na makoti yao, buti zao na vigingi vya kupigilia mipakani.

Asubuhi ile nzima nilisikia neno moja tu: yangu.

“Kutoka hapa mpaka kwa kijito ni yangu!” alisema baba mkubwa.

“Mpaka kwa kijito? Baba alinionyesha mimi mwenyewe!” alijibu baba mdogo. “Michikichi yote ni yangu, chefu andika ndani ya kichwa.”

Chefu alikaa juu ya gogo, akaandika ndani ya kichwa.

Hapo ndipo askari walipotokea kwenye ndizi. Komanda wao alikuwa na taulo shingoni na kipande cha muwa mkononi, muwa wetu, anautafuna taratibu. Alitutazama wote.

“Nkolo elanga nani?” aliuliza kwa Kilingala, kisha akaona nyuso zetu, akarudia kwa Kiswahili. “Mwenye shamba ni nani?”

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelisikia tangu alfajiri, kutoka kila upande, kwa sauti kubwa. Sasa palikuwa kimya hata nikasikia maji ya kijitoni. Komanda hakuwa na haraka. Alieleza kwamba askari wake wanakaa Mangina na hawajala. Mwenye shamba atawatolea mihogo na ndizi, na mbuzi kila Jumamosi. Akishindwa, atabeba masanduku ya risasi mpaka huko mbele wanakopigana.

Baba mkubwa alikohoa.

“Komanda, sisi tuko bageni tu,” alisema. “Tulikuya kumusalimia mutoto yetu. Ni yeye njo mwenye shamba.”

Akanyoosha kidole kwangu.

“Kweli mbele ya Mungu,” alisema baba mdogo, na msalaba wake kifuani.

Komanda akamgeukia chefu. “Chefu, ni kweli?”

Chefu aliwatazama wazee mmoja mmoja, pole pole, kama mtu anayewapa nafasi. “Kama benyewe banasema ni yake,” alisema, “ni yake.”

Komanda alitaka waape. Wote wakainua mikono, hata ndugu yao mmoja ambaye bado alikuwa ameshika kigingi. Komanda akacheka mpaka muwa ukamtoka mdomoni.

Mimi sikuogopa askari tu. Niliwaangalia watu waliobeba jina la baba yangu, na sikuona hata mmoja aliyeweza kunitazama. Mama alinishika mkono, akaukaza. Mchana ule ule ukoo uliondoka, kwa haraka iliyowafanya wasahau chakula motoni. Baba mkubwa alirudi nyuma kidogo aninong'oneze:

“Vumilia, mama. Ni ya mudomo tu.”

Shule zilikuwa zimefungwa. Mama na mimi tulihamia katika nyumba ya babu, iliyovuja kila mahali, tukawa wenye shamba. Tulichimba mihogo, tukaitwika, tukaipeleka kambini. Askari wengine hawakungoja tuwaletee. Waliingia wakang'oa hata mihogo iliyokuwa bado vidole. Siku moja hasira ilinishinda, nikamfuata komanda.

“Askari yako banang'oa mihogo yenye haiyakomala,” nilimwambia. “Mwezi wenye kuya mutakula nini? Majani?”

Nilidhani nimekwisha. Kisha akamwita mtu wake, akakataza askari yeyote kuingia shambani bila ruhusa yangu. Tangu siku hiyo mihogo yetu ililindwa na bunduki, jambo ambalo ukoo mzima haukuwahi kulifanikisha kwa vigingi.

Baadaye watu walianza kufika kwa miguu kutoka upande wa Mambasa, na magodoro kichwani na sufuria mgongoni. Waliyoyakimbia sikuwauliza, yalionekana machoni. Niliwapa sehemu ya bondeni walime, wapate kula. Wao wakatusaidia kukata kahawa iliyokufa, ikawa kuni, na mahali pake, chini ya kivuli cha ndizi, tukapanda miche ya kakao niliyoipata parokiani. Hakuna aliyetuahidi kitu kuhusu kakao. Tulipanda kwa sababu kuangalia visiki kulituchosha.

Komanda aliondoka, akaja mwingine. Salamu zikanifikia kutoka Butembo: baba mkubwa anasema, wakiuliza, uwaambie tena ni yako.

Halafu wakubwa wa vita walipatana huko mbali, askari wakapungua, na kakao ikazaa. Magari ya wanunuzi yalifika Mangina. Haukupita muda mrefu, makoti na buti zikashuka barabarani, nikaambiwa kwamba nimefanya kazi nzuri ya kuwachungia.

Tulikwenda barzani kwa chefu. Alisikiliza yote, kisha akawauliza kama wanakumbuka kiapo.

“Ile ilikuwa kiapo ya vita,” alisema baba mkubwa.

“Miye sikuone vita kwa mikono yenu,” alijibu chefu. “Niliona mikono tu. Ilikuwa juu.”

Baba mdogo alianza kueleza kwamba aliposema mbele ya Mungu alikuwa na maana nyingine. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya shemeji zake, akasimama.

“Siku ya kubeba mihogo mulisema muko bageni,” alisema. “Bageni banakulaka, banashukuru, banarudia kwabo.”

Barza yote ilicheka, na wazee wetu wawili walicheka pia, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kuweka nyuso zao.

Chefu aliniuliza ninataka nini. Ningeweza kusema lote. Niliomba nyumba ya babu na kakao niliyopanda, na waliokuja kutoka Mambasa waachwe bondeni mpaka wapate kurudi kwao. Lililobaki liwe la ukoo, mtu asiuze hata hatua moja bila neno langu. Haukuwa wema mtupu. Ukiwafukuza ndugu wengi kiasi kile, utakaa mlangoni na panga maisha yako yote, na mimi nilitaka kulala.

Wakakubali. Siku hizi, kwenye kila arusi, baba mkubwa anasimama na kueleza kwamba yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumpa mwanamke ardhi, wakati wengine bado wamelala. Watu wanapiga makofi. Nami napiga, kwa kuwa hajasema uongo.

Msimu uliofuata baba mdogo alikuja shambani peke yake, bila koti. Aliniomba miche ya kakao, kisha akasita, akauliza kwa sauti ya chini:

“Unaniruhusu nipande wapi, mama?”

Nilimwonyesha mteremko wa upande wa barabara. Alivua viatu, akachimba mwenyewe mpaka jasho likamtoka, na mstari wake ukapinda vibaya kuelekea kwenye migomba. Sikuunyoosha. Nilimletea maji, akanywa, akaendelea.