Barabara Isiyo na Mtu

Rachelle Kasika hufunga mizigo katika ghala moja la mji wa Eagan, ughaibuni, na asubuhi akitoka kazini hupiga picha za barabara: lami iliyolowa ikimeta kama samaki, theluji iliyochorwa na magurudumu. Nimepita barabara za nchi nyingi bila kuziona zikipendeza hivyo.

Mwaka huu alitamani picha yake moja tu iingie kwenye kalenda ya kanisa lao la Wakongomani, kule mji wa jirani wa Fridley. Mama Nyiraneza, kiongozi wa akina mama, aliitazama, akaigeuza, akaangalia hata nyuma.

“Mwenye picha yuko wapi?”

“Ni picha ya barabara, mama.”

“Na barabara imevaa nini? Kwetu mtu hupigwa picha amesimama, amevaa akavalika. Hapa watu wamekukimbia!”

Jumapili iliyofuata theluji ilianguka wakati wa ibada. Rachelle akawaomba akina mama wavuke barabara tulivu ya mbele ya kanisa kwa mstari mmoja, naye akapanda ghorofani na kupiga picha dirishani. Kutoka juu hakuonekana uso hata mmoja, ila vilemba kumi na viwili vya kitenge juu ya weupe mtupu.

Mama Nyiraneza aliikuza picha kwa vidole kwenye simu.

“Wa mbele ni mimi! Kilemba hicho nilikivaa harusi ya binti yangu!”

Wenzake wakamzonga, kila mmoja akijitafuta na kupiga vigelegele.

“Iwekwe mwezi wa kwanza,” akaamuru. “Lakini, ma chérie, mpenzi wangu, mbona umenifanya mfupi?”