Mafuta kwenye Vibao vya Mama Rula

Mimi ni mtu wa udaku, sikatai. Dirisha la jiko langu linatazamana na sebule ya Mama Rula, na kwa miaka kumi na moja nimejiuliza swali moja: kwa nini mapazia yake ya vibao, yale ya kuvutwa kwa kamba, hushika vumbi siku mbili tu baada ya kusafishwa, na yangu hukaa wiki tatu? Mtaa wetu hapa Ajlun ni mmoja, upepo ni ule ule. Na katika usafi hakuna anayemfikia.

Kila Alhamisi asubuhi nilimwona amevaa soksi ya mumewe mkononi, anafuta kibao kimoja kimoja. Anavilaza upande mmoja, anaanza juu kushuka chini, anavigeuza, anaanza upya. Mwaka huu, upepo wa jangwani ulipokuja na vumbi lake, nikaona mkono wake wa kulia haufiki juu. Anausukuma kwa ule wa kushoto. Nikavuka njia. Huruma ilikuwepo, na udaku pia ulikuwepo.

"Karibu mpelelezi," akasema bila kugeuka.

"Mkono una nini?"

"Bega. Daktari anasema niache kunyanyua. Utadhani yeye ndiye atakuja kunifutia."

Nikamnyang'anya soksi. Kibao cha kwanza tu kikanata. Nikanusa kidole: mafuta ya zeituni! Akaniambia kwamba kila Novemba, mafuta mapya yakitoka kinuni, Mama Rula huchukua kikombe kizima akavipaka vibao vyote, maana mbao hupakwa mafuta isikauke. Na hizi ni mbao za mwaloni, alizipasua mumewe mwenyewe, seremala anayejulikana mji mzima. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa wote.

Lakini kibao cha chini kabisa kilikuwa kimechubuliwa na kamba pembeni, na ndani yake kilikuwa cheupe pee, kama jino. Nikakikwaruza kwa ukucha. Mwaloni gani huo?

"Mama Rula," nikanong'ona, "hii si mbao."

"Punguza sauti!" Akatupa jicho uani, ambako Baba Rula alikuwa anachemsha chai. "Najua. Nimejua tangu nilipovilowesha mara ya kwanza. Mbao ikilowa inanukia. Hivi havikunukia kitu."

"Na mafuta unapaka ya nini?"

"Sasa nisipopaka si atajua kwamba najua?"

Akanieleza upesi upesi. Mwaka ule wa kuyatundika, msumeno ulimkata mumewe vidole viwili, naye alikwisha kumwahidi mapazia ya mwaloni. Akajifungia karakanani miezi miwili, kisha akatoka na mapazia haya. Hakumtazama usoni alipokuwa anayatundika.

"Basi mwambie leo," nikasema. "Bega lako litakufa."

"Simwambii. Nataka aseme mwenyewe. Miaka yote hii nalala na mtu mwenye kitu moyoni, na mimi ndiye mkewe. Na wewe, Mama Haitham, ukifungua huo mdomo wako, usinisalimie tena hata sikukuu."

Jamani, ulimi uliniwasha!

Baba Rula akaingia na sinia la chai. Akaona soksi mkononi mwangu, akaona mkewe ameshika bega.

"Bega tena?"

"Kidogo tu, Baba Rula. Keti unywe chai."

Hakuketi. Akaichukua soksi, akaivaa kwenye ule mkono wa vidole vitatu. Akafuta kibao cha kwanza, akafuta cha pili. Kwenye cha tatu akasimama. Mimi nikakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari.

"Mama Rula."

"Naam."

"Hivi vinataka maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo."

"Sabuni si itaharibu mbao?"

Mwanamke huyu! Uso mkavu kabisa, wala jicho halikupepesa.

"Si mbao," mumewe akasema akiliangalia dirisha. "Ni plastiki. Nilinunua dukani, mjini Irbid. Nilijaribu kupasua mwaloni, mkono ukakataa. Hayo mafuta ndiyo yanayokamata vumbi, nami nilijua, nikakuacha ufute. Bega lako nimelimaliza mimi."

Mama Rula akaja juu.

"Plastiki! Mafuta yangu ya mkamuo wa kwanza! Miaka kumi na moja, mzee wewe, nawapimia wageni kwa kijiko, kumbe nalisha plastiki!"

Alimtia maneno mpaka nikamwonea huruma. Lakini nilipomtazama yule bwana, uso ulikuwa umemfunguka, amesimama wima kama mtu aliyetua gunia. Karibu acheke.

"Una haki," akasema. "Ngoja nilete maji. Nitaviosha mimi, na kila Alhamisi ni mimi."

Alipotoka, kelele zikakatika. Mama Rula akajitupa kitini, machozi yanamtiririka.

"Umesikia? Kasema."

"Nimesikia, dada."

"Kasema mwenyewe."

Beseni likagonga mlango wa uani. Mama Rula akaokota ile soksi ya mafuta aliyoiacha mumewe, akafutia uso, akaendelea kumgombeza palepale alipokuwa ameachia.