Jiwe la Baba na Doa la Shavuni

Mimi na dada yangu mkubwa tulirithi kwa baba doa jeusi lililoinuka kama punje ya mtama, kwenye shavu la kushoto. Lake lilitolewa mwaka jana. Langu lilikuwa limenichosha, ila uso ni mmoja, na mimi si mtu wa kuamini upesi.

Daktari aliniambia angeweza kulikata na kulipima, lakini huenda kovu dogo likabaki, hawezi kuniahidi zaidi ya hapo. Dada akamcheka. Lake alitolewa na mama mmoja mwenye saluni mtaa wa Kamalondo, kwa matone matatu tu ya dawa, na hakubaki na alama. Kila Jumapili alimsifu mama huyo bila kuulizwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikajisemea. Isitoshe, tangu atolewe doa sikuwahi kumwona bila poda, hata akisonga bukari jikoni.

Nilikwenda hata hivyo. Yule mama alinipa kichupa kisicho na karatasi, nikajitie mwenyewe nyumbani. Nilipouliza ni dawa ya nini, akasema ni majani ya kijijini kwao. Nilinusa. Haikunuka jani lolote.

Baba alifanya kazi maabara ya mgodini, na alituachia jiwe la malakiti, lile la kijani lenye shaba. Tulipokuwa watoto alilidondoshea asidi ya kazini ili tuone linavyotoa povu, akituonya tusiiguse kwa sababu inakula nyama. Basi nilimwita dada, nikaliweka jiwe mezani, nikadondosha tone moja la dawa.

Jiwe likachemka, povu likapanda.

Nilitegemea ashtuke. Alilitazama tu, kama mtu anayengoja chai ipoe. Hasira zikanipanda.

"Yaya," nikamwita dada, "ulijua?"

Alilowesha kitambaa, akapangusa poda polepole. Palipokuwa na doa palikuwa na kovu linalong'aa, pana kama kifungo cha koti, limeivuta ngozi mpaka chini ya jicho.

"Nilijua, mudogo yangu," akasema. "Nilichoka kubakia peke yangu. Nilitaka tukuwe babili, mimi na wewe."

Nilikuwa bado nimeshika kichupa. Nilimchukia kabisa, kisha nikalia, maana shavu lile lingekuwa langu.